Nani Ameibiwa?

Hapa Murukulazo watu wananiogopa kwa jambo moja, nalo si ulozi. Wananiogopa kwa maswali. Mtu akija mbio kuniambia mpaka wa Kabanga umefungwa, kabla hajameza mate namuuliza: umeona, au umesikia? Akisema amesikia, namuuliza kwa nani. Akisema kwa watu, namwambia aende akaniletee mtu mmoja kati ya hao watu. Wifi yangu anasema mimi ni hakimu niliyekosa mahakama. Kwenye msiba wa juzi mama mmoja alianza kunong'ona kwamba marehemu karogwa na mke mwenzake, akageuka, akaniona nimekaa nyuma yake, akahamisha kiti.

Sikuzaliwa hivi. Nilizaliwa na hasira, hilo sibishi, na mtu mwenye hasira hana haja ya kuuliza, maana jibu analo tayari. Nilikuwa mwepesi wa kuamini kuliko wenzangu wote, mradi jambo lenyewe liwe baya na limhusu mtu nisiyempenda. Kilichonigeuza ni alasiri moja ya miaka ya wakimbizi, na nisingependa mtu anidhanie kwamba niligeuka kwa wema. Niligeuka kwa sababu ya mbuzi.

Vijana wa siku hizi wakisikia miaka ya wakimbizi wanafikiri ni habari ya mahema na magari meupe. Yalikuwapo, ndiyo. Lakini sisi kwanza tuliona mto. Mto ulileta watu waliokufa, wamevimba, wengine wamefungwa mikono kwa kamba za migomba, na ulikuwa ukiwaleta siku baada ya siku mpaka tukaacha kula samaki, tukaacha kufua kule, tukaacha hata kutazama. Kisha walio hai wakavuka daraja la mpakani wakikimbia mauaji ya kwao, wakawa wengi kutuzidi sisi wenyeji. Vilima vilivyokuwa na miti vikabaki na visiki. Migomba ikakatwa mikungu usiku, mihogo ikang'olewa michanga. Barabara ya kwenda Biharamulo, pale inapopita porini, mabasi yakawa hayaendi bila askari mwenye bunduki mbele, na hata hivyo watu waliuawa.

Tukajifunza kuua na sisi. Nalisema hivyo hivyo lilivyo. Kijana wa kambini alikamatwa na mkungu wa ndizi karibu na njia ya shule, na watoto walipokwenda shule asubuhi walimkuta amelala chini ya mikaratusi, kichwa hakitambuliki. Polisi walichelewa kuja kumchukua, na watoto walimpita wakienda na wakirudi. Jumapili tulikwenda misa kama kawaida. Padre alihubiri juu ya jirani, tukaitikia amina kwa sauti kubwa, halafu nje ya kanisa mazungumzo yakawa kwamba mkungu wenyewe ulikuwa bado mchanga na wala usingefaa kwa chochote.

Baba yangu alikuwa kamanda wa sungusungu wa kitongoji chetu. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu za wakati ule zilikuwa za fimbo. Alivaa filimbi shingoni kwa kamba ya katani, hata akienda kuoga aliitundika mahali anapoiona. Mimi nilikuwa nimerudi kwake baada ya ndoa yangu ya kwanza kuvunjika, na tulikuwa tunagombana kila siku kwa sababu tumefanana.

Dada yangu, mkubwa wangu wa pekee, alikuwa ameolewa ng'ambo ya bonde. Ukisimama uani kwetu uliona moshi wa jiko lake ukipenya migombani. Mumewe alikuwa anampiga. Wakati ule kila mtu alilijua hilo na kila mtu alilisema kwa sauti ya chini, ndiyo maana leo nalisema kwa sauti ya juu. Alimvunja ubavu mwaka mmoja. Mwaka mwingine alimwagia uji wa moto mgongoni. Kila mara wazee walikaa, pombe ya ndizi ikanywewa, shemeji akatubu, dada akarudishwa. Baba ndiye aliyekuwa akimrudisha, akimshika mkono mpaka mlangoni.

Sasa lazima nieleze habari ya yowe, maana bila hiyo hamtaelewa tulivyopumbaa. Kwetu tunaita induru. Ukivamiwa, ukiona moto, ukifiwa, ukiona chui zizini, unapiga yowe ukijigonga mdomo kwa kiganja. Jirani akisikia haulizi. Analipokea, analipitisha, kisha anakimbia na alichonacho mkononi. Wa kilima cha pili naye analipokea kutoka kwake. Asiyepokea anatozwa faini, na zaidi ya faini anaulizwa kwa nini alinyamaza, je, anakula na wezi? Kwa hiyo hakuna aliyenyamaza. Ni desturi nzuri, imeokoa watu wengi. Ila ina kasoro moja ambayo hatukuwahi kuifikiria: yowe likishashika vilima vyote, halina tena mwanzo. Linatoka kila mahali. Unasikia watu mia wanalia, na moyoni unasema, watu mia hawawezi kukosea. Kumbe hao mia wamesikia tu, kama wewe.

Na jambo jingine. Zamani yowe lilikuwa na maana nyingi. Miaka ile lilibaki na maana moja tu: mkimbizi ameiba.

Siku hiyo nilikuwa uani napura maharage, jua bado kali. Yowe lilianza ng'ambo, likashuka bondeni, likapanda kwetu. Nililipokea. Nililipiga vizuri, nina koo pana, na nikasikia wa nyuma yetu wakilichukua kutoka kwangu wakilipeleka mbele. Kisha nikashuka mbio na mti wangu wa kupuria. Njiani niliwakuta wengine, wanaume na wanawake, mapanga, mikuki, majembe, mtu mmoja ameshika mwiko wa ugali. Hakuna aliyejua tunakwenda wapi. Tulikimbilia wanakokimbilia wenzetu, na wenzetu wale, kama nilivyokuja kugundua, walikuwa wakitukimbilia sisi.

Bondeni kulikuwa na mtu mwenye mzigo wa kuni. Alikuwa mkimbizi, tuliwajua kwa mbali kwa jinsi walivyobeba mizigo mikubwa kupita kiasi. Aliona upande huu watu wanateremka na mapanga, akatazama upande ule, akaona wengine wanateremka na mapanga. Akatupa kuni, akakimbia.

Hiyo ikatosha. "Anakimbia!" mtu alipaza sauti, na bonde zima likasema, "Anakimbia! Ni huyo!" Hata mimi nilisema. Ilionekana wazi kabisa, kwa nini akimbie kama hana kosa? Mimi mwenyewe niliyekuwa nimetoka kutazama maiti wakipita mtoni sikujiuliza mtu aliyetoka huko wanakotoka maiti wale angefanya nini akiona mapanga pande mbili.

Walimwangusha kwenye matuta ya viazi. Nilipofika alikuwa amekwisha kupigwa miguu ili asiinuke. Fimbo zilikuwa zinatoa sauti ile ile niliyoiacha uani, ya maharage makavu yanapopurwa, na mimi nilikuwa bado nimeshika mti. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, amevaa shati la mtumba la kike. Alikuwa anasema, "Mumbabarire, mumbabarire." Lugha yao na yetu ni ndugu, kwa hiyo kila mtu pale alielewa anaomba kuhurumiwa, na kila mtu aliendelea. Mwanamume mmoja alimkanyaga mkono kwa kisigino mpaka vidole vikaacha kusogea. Panga lake dogo la kuni lilikuwa limekwisha kuokotwa, likawa linainuliwa juu ili watu walione. "Tazameni! Ana panga!" Sote tulikuwa na mapanga.

Hapo ndipo nikakumbuka mbuzi. Baba alikuwa na mbuzi watano aliowafunga asubuhi hiyo hiyo karibu na mkondo wa maji, na mmoja wao alikuwa wangu, ana mimba. Nikamshika bega mtu wa mbele yangu nikamuuliza, "Kaiba mbuzi wa nani?"

"Wa mwalimu," alisema bila kugeuka, akapiga.

Mwalimu alikuwa pale pale, anatweta, kashika rungu. Nikamuuliza, "Mwalimu, kakuibia wangapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Mimi? Mbuzi wangu wapo. Nimesikia ni kwa fundi matofali."

Fundi matofali alikuwa upande wa pili wa duara. Nikazunguka. Sikuwa natafuta haki, natamani kusema hivyo lakini nisingekuwa mkweli. Nilikuwa nataka kujua kama mbuzi wangu yupo. Fundi akasema yeye hafugi hata kuku, yeye amesikia kuna nyumba imevunjwa. Nyumba ya nani? Hajui, waulize wa juu. Wa juu wakasema waulize wa chini. Nikamuuliza mwanamke mwenye mwiko. Akasema, "Ameua mtu." Ameua nani? Akanisonya.

Sijui kuelezea vizuri kilichotokea kichwani mwangu. Watu walikuwa wengi, wanapiga, wana hakika, na nilipokuwa nikimgusa mmoja mmoja, hakika ile ilikuwa haipo kwake, iko kwa mwenzake. Nikaenda kwa mwenzake, nako haipo. Nikaogopa. Nilikuwa sijawahi kuogopa watu wetu, niliogopa wa kambini tu.

Baba alikuwa amesimama karibu na kichwa cha yule mtu, anasubiri, kama kamanda anavyopaswa, vijana wachoke kidogo ndipo aulize maswali. Nilipiga kelele, "Baba, nani ameibiwa?" Hakusikia. Nilimfikia, nikashika filimbi na kuivuta, kamba ikamkata shingoni, nikaipuliza kwa nguvu zangu zote. Watu wakasimama. Filimbi ile haikuwa imepulizwa na mwanamke tangu ifike kijijini.

Nikasema tena, "Nani ameibiwa? Anyooshe mkono!"

Baba alinipiga kofi la kinyume cha mkono. Jino moja la mbele lilitoka pale pale, nikalitema kwenye viazi. Lakini nilimjua baba. Ni mtu wa taratibu, na utaratibu ulikuwa unasema mlalamikaji anatajwa kwanza. Nilimwona anageuza macho taratibu akiutazama umati, akimtafuta mlalamikaji, na sikuona mkono wowote uliokuwa juu.

"Yowe nani kaanza?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Tukaanza kulirudisha nyuma. Wa kwetu walisema wamepokea kutoka bondeni. Wa bondeni, fundi na vijana wake, walisema wamepokea kutoka kilima cha ng'ambo, kwa yule mama mjane wa karibu na kisima. Wakati baba anauliza hayo, nyuma yetu wengine walikuwa wameanza tena kumpiga mtu yule, polepole, kama watu wanaomalizia kazi, na sauti yake ya kuomba ilikuwa imekwisha kuwa pumzi tu. Baba aliwakemea. Wakaacha kidogo, wakaendelea.

Mjane alikuwepo. Alisema, "Mimi nilipokea kwa binti yako, Baba. Yule mkubwa."

"Kwa dada?" nikauliza. "Alisema nini?"

"Yowe tu. Siku zote akilia pale nasema ni mambo yao ya ndani, siingilii. Leo nikasema, hao watakuwa wakimbizi."

Mama huyu hakuwa mpumbavu, na maneno yale nimeyafikiria kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia. Kwa miaka yote ile dada yangu alikuwa akilia na jirani yake alikuwa akijua sababu. Sauti ilikuwa ile ile, nyumba ile ile, saa ya mume kurudi kutoka kilabuni ile ile. Hakuna kilichobadilika kwa dada. Kilichobadilika ni kwamba sasa tulikuwa na jibu moja la kila kitu, na jibu hilo lilikuwa kambini. Ndilo lililomfanya mjane apitishe yowe safari hii, na ndilo lililotufanya sote tusiende lilikotoka.

Shemeji alikuwa kwenye umati. Nilikuwa nimemwona tangu mwanzo na sikumwona, maana yake macho yalipita juu yake. Alikuwa na damu kwenye mikono ya shati, lakini wengi pale walikuwa na damu. Baba akamwita.

"Mkwe, umeona nini?"

Yeye peke yake kati ya watu wote wale alisema ameona. "Nimemwona akitoka migombani kwangu na panga," akasema, akimwonyesha yule aliyelala chini. "Kwa macho yangu."

Umati uliguna kwa faraja. Hatimaye macho! Jiwe kubwa likarushwa, nikasikia mfupa. Na mimi pia, kwa muda mfupi, nilipata faraja ile. Nilikuwa nimepoteza jino kwa ajili ya swali la nani ameona, na sasa amepatikana aliyeona, basi imekwisha, si ndiyo? Kumbe kuona nako ni neno tu mpaka ulipime na mengine. Nilitazama wanawake waliokuwepo, uso kwa uso, nikimtafuta dada. Hakuwahi kukosa yowe. Hata akiwa na ubavu uliovunjika alikuja kwenye moto wa kwa mwalimu akichechemea na ndoo.

"Dada yuko wapi?" nikamuuliza shemeji.

"Yupo nyumbani. Anapika."

Nilisema kwa sauti, na nilikuwa sijui nitakachosema mpaka kilipotoka: "Mtu mwenye panga katoka migombani kwenu, dada kapiga yowe mpaka vilima vyote vikaamka, halafu kaingia jikoni kupika?"

Baba alimtazama mkwewe usoni, na naamini katika muda ule mfupi alikumbuka kila mara aliyomrudisha mtoto wake kwa mkono. Akaanza kukimbia kupanda kilima. Alikuwa mzee, sikuwahi kumwona anakimbia hivyo. Nilimfuata na baadhi ya watu wakanifuata mimi.

Dada alikuwa jikoni kweli. Alikuwa ameegemea ukuta karibu na mafiga, mkono wa kushoto umekatwa chini ya kiwiko mpaka umebaki unaning'inia kwa ngozi, na kichwani juu ya sikio kuna jeraha ambalo sitalieleza. Moto ulikuwa umezimwa na damu na maji ya chungu kilichopinduka. Watoto walikuwa shuleni, ashukuriwe Mungu. Alikuwa amejifunga mkono kwa kitenge kwa kutumia meno. Macho yalikuwa wazi.

Nikasikia nyuma yangu mtu anasema, "Tazameni alichofanya yule mkimbizi. Twendeni tukammalize." Na wakageuka kwenda, kweli wakageuka. Mimi nilikuwa nimejaa hasira mpaka naona giza, nikapiga kelele, "Ni shemeji! Muueni shemeji!" Nami nilikuwa sijaona chochote zaidi ya walichoona wao. Mtu kakatwa, yuko chini, basi. Baba ndiye aliyetuliza mikono. Alipiga magoti kwenye damu, akaweka mdomo karibu na sikio zima la mtoto wake, akauliza kama mtu anayeuliza njia, "Mwanangu, nani kakufanyia hivi?"

"Baba wa watoto," dada akasema. "Chakula kilichelewa."

Baba alinituma nirudi bondeni niwazuie. Nilikimbia nikipuliza filimbi njia nzima, nikisema mwacheni, si yeye, si yeye. Walikuwa wamekwisha kutawanyika. Yule mtu alikuwa amelala kifudifudi kwenye tuta, na jiwe walilommalizia lilikuwa bado juu ya shingo yake. Mwanamke mwenye mwiko alikuwa anaokota kuni zilizotawanyika, anazifunga mzigo, na aliponiona alisema zisipotee bure.

Shemeji alikuwa ametoroka. Baadaye alikamatwa Nyamahanga, kwa ndugu zake, akafungwa, akafia gerezani, simlilii. Lakini jioni ile vijana walimkosa, na kwa kuwa walikuwa bado na nguvu mikononi walichoma nyumba yake. Hakuna aliyewauliza nyumba ni ya nani. Ilikuwa ya dada. Iliungua na maharage yake ya mavuno yote, nguo za watoto, godoro, na rozari ya mama yetu marehemu. Mikono ile ile iliyompiga mkimbizi na kuchoma nyumba ndiyo iliyofunga machela ya miti na mikeka na kumbeba dada mpaka barabarani, ikimbeba kwa upole sana, wakipokezana bila kupumzika. Sijawahi kujua niwachukie kiasi gani.

Polisi walikuja kuuliza habari za maiti ya bondeni. Ungewaona watu wa Murukulazo siku hiyo jinsi walivyokuwa makini! Umeona nani akimpiga? Afande, mimi nilisikia tu. Ulikuwepo? Nilikuwa mbali. Nani alirusha jiwe? Siwezi kumsingizia mtu kwa kitu ambacho sikukiona kwa macho yangu. Watu ambao jana hawakuhitaji shahidi wa kumuua mtu, leo walikuwa wanapima ushahidi kama mahakimu wa rufaa. Hapo nilijua kwamba akili tulikuwa nayo muda wote. Tulijua kabisa tofauti ya kuona na kusikia. Tuliitoa pale tu ilipotulinda sisi.

Mke wa yule mtu alikuja kutoka kambini akiwa na mtoto mgongoni. Nilimpeleka bondeni mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyejitokeza. Nilimwambia ukweli wote, na nikamwambia pia kwamba watu walimdhania mumewe kuwa mwizi kwa vile alikimbia. Alitazama vilima viwili vile, huku na huku, kama alivyotazama mumewe. Akasema, "Tangu tutoke kwetu tumekuwa tukikimbia mapanga. Ningekuwepo, ningekimbia mbele yake." Kisha akaniuliza kama kuni zake zipo.

Basi ndiyo maana nauliza maswali. Namuuliza daktari kwa nini anasema ni malaria kabla hajanipima. Nawauliza wanangu wakija na hasira za shule. Najiuliza mimi kwanza, na hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, maana bado nina hasira, na hasira kila siku inakuja na shahidi wake mkononi. Ninapojiona nina hakika sana na nimefurahia hakika yenyewe, nakaa chini. Watu husema ninachelewesha mambo. Ndiyo, nachelewesha.

Dada aliishi. Mkono ulikatwa hospitali ya misheni, na sikio lile halisikii. Wiki zile za mwanzo hakuweza kusema, kisha siku moja mchana, baba amekaa miguuni pake kitandani na mimi namenya chungwa, akaanza kusema mwenyewe, pole pole, bila kulaumu, kama mtu anayetaka tu kuelewa.

"Aliponikata mara ya kwanza nilipiga yowe. Nikasikia jirani kapokea. Nikasikia bondeni wamepokea, halafu nikasikia sauti yako, mdogo wangu, nikaijua. Vilima vyote. Nikasema, wanakuja. Nikanyamaza ili nisipoteze nguvu, nikajifunga mkono, nikangoja. Yeye naye alisikia akatoka. Nikasikia miguu ya watu wanapita nyuma ya nyumba, wengi, wanakimbia."

Alitutazama, kwanza baba, kisha mimi.

"Mlikuwa mnakwenda wapi?"

Chungwa lilikuwa mkononi mwangu, nimelimenya nusu.